Mwalimu Mpya wa Hesabu

Tarehe 6 Februari

Karani wangu,

Usishtuke kuona mwandiko umepinda. Naandika nimelala, daftari likiwa juu ya tumbo, na dada yangu ananichungulia kila dakika kuhakikisha siongei peke yangu. Upasuaji wa koo umekwisha. Daktari ametoa alichokitoa, ameshona, na amenipa amri moja: nisitoe sauti, hata ya kunong'ona, mpaka atakaponiruhusu mwenyewe. Anasema nikiongea kabla ya wakati, sauti itakwenda isirudi. Hebu fikiria, mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja kwa makelele, leo anaomba chumvi kwa kalamu.

Simu ndiyo basi tena. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwa kuwa wewe ndiye pekee mwenye mwandiko unaosomeka katika darasa zima, na ndiyo maana wenzako walikuita Karani.

Sasa nisikilize. Mkuu wa shule aliniahidi kwamba mwalimu wa kunishikia nafasi yuko njiani. Niambie kweli, amefika? Huu ni mwaka wenu wa mwisho, na mtihani hauulizi koo la mtu. Nikisikia kuwa saa ya hesabu mnakaa mnatazamana, naapa nitapanda basi nirudi hivi hivi na nyuzi shingoni, dada atake asitake.

Nisalimie wote ishirini na watatu. Mwambie mwana wa mwokaji aache kulala dirishani.

Mwalimu wenu


Kikaratasi kilichopitishwa dawati kwa dawati, tarehe 13 Februari, saa ya hesabu

Shoto,

Barua ya Mwalimu hii hapa, isome uipitishe. Nimetoka kwa Mkuu sasa hivi, bado anasema "yuko njiani". Hiyo njia sijui inazungukia wapi. Tukimwambia Mwalimu ukweli atakuja, akija atafundisha, na akifundisha sauti ndiyo imekwenda. Mnamjua. Mimi nataka kumwandikia kwamba mwalimu mpya amefika. Mnasemaje?

Karani

(Na chini yake, kwa mwandiko ulioegemea upande wa pili:)

Andika. Ila atauliza tunafundishwa nini na tunafundishwaje, na wewe kudanganya hujui, masikio yako hata kwenye barua yatawaka. Basi tufundishane kweli, kila mtu na zamu yake, upate cha kumwandikia. Tengeneza orodha, sisi wote, asibaki mtu. Naanza mimi kesho na pembetatu. Baba ana vipande vya mbao vimebaki karakana. Atakayenicheka nitamtwanga navyo.

Shoto


Tarehe 16 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako tuliisoma darasani kwa sauti, halafu tukaona aibu kwamba sisi tunazo sauti na tunazitumia kupiga umbea. Tunashukuru umetoka salama. Msikilize dada yako, tafadhali.

Mwalimu mpya amefika. Alianza juzi na pembetatu. Anaandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo sisi tuliozoea kukuona wewe ukisimama upande wa dirisha, mwanzoni shingo zilituuma. Hakuanza na ubao. Alikuja na furushi la vipande vya mbao, akamwaga juu ya meza, akasema kila mtu achukue vitatu ajaribu kutengeneza pembetatu. Nusu yetu tulishindwa, vipande viwili vilikuwa vifupi mno, havikutani. Akatuacha tuhangaike nusu saa. Kisha akauliza, "Kwa nini vimekataa?" Mwalimu, ile kanuni ya pande tatu uliyotuandikia mwaka jana tukaikariri, juzi ndiyo tuliiona kwa macho.

Ni mkali kidogo. Anatishia kupiga watu, lakini hapigi.

Pona polepole, usiwe na wasiwasi wowote juu yetu.

Mwanafunzi wako,
Karani


Tarehe 3 Machi

Karani,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa wivu. Mbao! Karakana ya seremala imepakana na darasa letu miaka nenda miaka rudi, na mimi kazi yangu ilikuwa kufunga madirisha na kulalamikia msumeno. Haikunijia hata siku moja kwenda kuomba kipande cha mbao. Mtu kafika juzi tu, keshaona. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo hii.

Wivu umepoa sasa, usijali. Nimelala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa. Dada ni mshonaji, cherehani yake inaanza kabla ya jogoo, na siku hiyo hata cherehani sikuisikia.

Niambie atakavyofundisha milinganyo. Hapo ndipo kila darasa langu huzama, na mimi nalitazama likizama nikiongeza sauti. Mpe salamu zangu, za mtu mzima kwa mtu anayeijua kazi.

Mwalimu wenu


Tarehe 22 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Milinganyo tumevuka, na hakuna aliyezama.

Alileta mizani, ile ya sahani mbili. Upande mmoja mikate miwili na jiwe la nusu kilo, upande wa pili jiwe la kilo moja na jingine la nusu kilo. "Mkate mmoja uzito gani?" Tukaanza kubahatisha. Akasema hapana, ondoeni nusu kilo huku, na huku pia, msiionee sahani yoyote. Tukaondoa. Basi siku hizi mtu akihamisha namba upande mmoja akasahau wa pili, darasa zima linapiga kelele, "Unaionea sahani!" Mikate tulikula baadaye. Mwalimu huyu huwa anakuja na unga kwenye viwiko, na ikifika saa sita anasinzia, lakini mpaka hapo kazi huwa imekwisha.

Nisikufiche, zipo siku mbaya pia. Wiki iliyopita alikosea ubaoni, kosa dogo la alama ya kutoa, likaburuta jibu zima. Tulipomwonyesha akawa mwekundu, akaweka chaki chini akatoka nje. Tulimkuta nyuma ya matangi ya maji. Ilibidi tumbembeleze arudi. Aliporudi alianza upya toka mstari wa kwanza, akamaliza. Tulimpigia makofi.

Mwanafunzi wako,
Karani


Tarehe 30 Mei

Shikamoo Mwalimu,

Naandika haraka, posta inafungwa. Nataka tu kukwambia kuhusu juma hili, kwa sababu sijawahi kuona kitu kama hiki.

Mwalimu hasemi. Yaani anasema, lakini maneno machache sana. Anaandika swali, anageuka, anatutazama, anasubiri. Ana subira ya kumchosha mtu mzima. Ukitoa jibu la ovyo hakukatai, anaendelea kukutazama kwa upole mpaka wewe mwenyewe unalionea haya. Duara lote tumelimaliza hivyo, na hata wale wanaojificha nyuma wamefika ubaoni. Mimi nilifikiri kufundisha ni kusema.

Karani


Tarehe 12 Juni

Karani,

Nina jambo linanitatiza, na wewe unajua jambo likinitatiza sili.

Februari mwalimu wenu anaandika kwa mkono wa kushoto na kutishia watu. Aprili ana unga viwikoni, anasinzia adhuhuri, na akikosea anakimbilia nyuma ya matangi. Mei amekuwa bubu kuliko mimi. Nilimsomea dada barua zote kwa mpangilio, yaani nilimpa asome. Akasema, "Huyo mtu ana vichwa vingapi?"

Nimelifikiria hili usiku na mchana, na jibu nimelipata. Huyu ni mwalimu anayejigeuza kufuata somo. Pembetatu inataka ukali, anakuwa mkali. Duara linataka subira, anasubiri. Mimi nilikuwa na njia moja tu, na njia yenyewe ilikuwa koo. Nasema bila kinyongo, huyo kijana ananizidi, na laiti ningekutana naye nikiwa na umri wake.

Daktari ataniona tena mwezi ujao.

Mwalimu wenu


Tarehe 9 Agosti

Shikamoo Mwalimu,

Mahafali yetu ni Jumamosi tarehe 4 Oktoba, wiki tatu kabla ya mtihani. Tunatengeneza kitabu cha kuagana, na kazi ya kukusanya imeniangukia mimi, kama kawaida. Kila mtu ana ukurasa mmoja wa kusema anachokikumbuka. Wengi wanakumbuka siku paa lilipovuja ukatufundisha grafu kwa mstari wa maji sakafuni. Mwana wa mwokaji anakumbuka chakula tu.

Mimi ukurasa wangu umenishinda, nimeuchana mara nne. Tulipoingia mwaka wa kwanza nilidhani nimetupwa kati ya watoto wa ovyo. Yule Shoto alikuwa akigombana na kila mtu. Yule kijana tunayemwita Taratibu, anayekwama kila neno la pili, hakuwahi kuinua mkono miaka mitatu, na sisi tulimzoea hivyo kama dawati. Mwaka huu nimewaona upya. Mwalimu, ninakaa nao chumba kimoja kila siku na nilikuwa siwajui. Nikiwatazama sasa naona fahari hata kutembea nao mtaani. Sijui nitaiandikaje hiyo ikatosha ukurasa mmoja.

Njoo mahafali. Hujasema daktari alisemaje Julai. Sisi tunauliza kila siku.

Mwanafunzi wako,
Karani


Tarehe 1 Septemba

Karani,

Daktari ni mtu wa mwendo wa pole, tumwache hapo.

Leo nimeandika barua mbili kabla ya hii yako. Moja ni ya ofisi ya elimu, nastaafu kuanzia mwisho wa mwezi huu. Nina haki hiyo kwa umri, nilikuwa naichelewesha tu. Ya pili ni ya Mkuu wenu. Nimemweleza, kwa ushahidi wa barua zako, kwamba mwalimu anayenishikia kwa muda anastahili nafasi yangu moja kwa moja, na meza yangu, na lile kabati ambalo mlango wake unafunguka ukilipiga teke chini kushoto. Watu wa namna hiyo wasipopewa kiti mapema wanachukuliwa na shule kubwa.

Mahafali nitakuja. Nina haja moja tu, nataka kumshika mkono.

Mwalimu wenu


Tarehe 12 Septemba

Shikamoo Mwalimu,

Barua hii isome ukiwa umekaa, na dada awe karibu.

Juzi Mkuu aliniita ofisini. Barua yako ilikuwa mezani kwake. Akanisomea yote, mpaka habari ya kabati, kisha akasema, "Huyu mtu nimemtafuta miezi saba, nimeandika ofisini mara nne wananijibu yuko njiani. Kumbe ninyi mnaye! Hebu niletee nimwone."

Nikasema, "Nimlete yupi, Mkuu? Tuko ishirini na watatu."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alijua tunajisomea, alikuwa akipita dirishani anaona mtu ubaoni. Hakujua kwamba mimi nimemfanya mtu huyo kuwa mmoja na nimempeleka kwako kwa posta.

Hakuna mwalimu mpya, Mwalimu. Hakuwahi kuwepo. Tulifundishana wenyewe kwa zamu, kwa orodha ya majina yetu yote. Mwenye mkono wa kushoto na mbao ni Shoto. Mwenye mizani na unga ni mwana wa mwokaji, anayeamka alfajiri kukanda unga na baba yake, ndiyo maana analala dirishani. Aliyekimbilia nyuma ya matangi ni mimi. Na yule wa Mei, mwenye subira, ni Taratibu. Zamu yake ilipofika tulitaka kumruka. Alisimama mwenyewe akachukua chaki. Anajua kusubiri neno litoke, maana amesubiri lake maisha yote. Ndiye bora kuliko sisi wote, na wengine wamefika ubaoni kwa sababu yake.

Tulifanya hivyo usirudi kabla ya kupona. Sikuwahi kufikiri ungempenda. Kila ulipomsifu, niliwasomea, nao walikuwa wakitazama chini kwa haya na furaha, na mimi nikashindwa kuacha. Sasa umestaafu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Tulitaka kuokoa sauti yako, tumekupokonya kazi yako. Mimi ndiye niliyeandika, lawama ni yangu, wenzangu waache.

Ukitaka kujua hali ya masomo, mada zote tumemaliza isipokuwa ya mwisho, uwezekano. Tumeijaribu mara tatu. Shoto ameshindwa, Taratibu ameshindwa, mimi ndiyo usiseme.

Usipokuja mahafali tutaelewa. Itatuuma, lakini tutaelewa.

Karani


Tarehe 27 Septemba

Karani,

Nilikasirika. Nianze na hilo, usije ukadhani uzee umenifanya malaika. Niliisukuma barua yako chini ya mto, ikakaa huko siku nne. Dada aliponiuliza nina nini, nilimjibu kwa sauti, tena kwa ukali, mpaka akaangusha mkasi.

Ndiyo, kwa sauti. Nami nina la kuungama. Daktari aliniruhusu kusema tarehe 11 Julai. Sauti inakwaruza, haifiki mbali, lakini ipo. Ningeweza kurudi muhula ulipofunguliwa. Sikurudi kwa sababu ya mwalimu mpya. Nilijiambia, yule kijana amelishika darasa, nikirudi mimi watamhamisha, na watoto watampoteza aliye bora. Basi nikakaa hapa nikishonea watu vifungo, moyo wangu ukiwa kwenu kila saa ya hesabu. Ninyi mlinidanganya nisirudi kabla ya kupona, mimi nikawadanganya nisirudi baada ya kupona. Swali la namna hiyo hata watunga mitihani hawajawahi kulithubutu.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya elimu kuifuta barua yangu. Mama wa mapokezi alinisikitikia, lakini ilikuwa imeshapigwa mhuri. Kuanzia Oktoba mosi mimi si mwalimu wa shule yoyote. Maji yakimwagika hayazoleki. Inaniuma, na sitaki tena kukuficha kitu.

Nilipotoka pale nilikaa kituo cha basi nikaisoma barua yako upya, taratibu safari hii. Nikafika kwa kijana wetu Taratibu. Miaka mitatu nilimruka kila nilipouliza swali, nikijipongeza kwamba namhurumia. Kumbe nilikuwa namnyima nafasi. Ninyi mlikuwa karibu kufanya kosa langu, yeye akawazuia. Nililia pale kituoni, watu wakanipisha kwenye benchi. Mwambie nimekosa, na kwamba nitamwambia mwenyewe.

Mtu akifundisha, anajiuliza akishatoka mlangoni kinabaki nini. Kwa miaka thelathini na moja nilijibu swali hilo kwa kutotoka. Nilikuja na homa, nilikuja na msiba, nilikuja koo likiwa limeoza, kwa hofu kwamba nikikosekana kutakuwa kimya. Nimekosekana miezi minane, na sijawahi kuwa na darasa lililofundishwa vizuri kama lenu. Nawavulia kofia, mmoja mmoja, hata wewe wa nyuma ya matangi. Wewe zaidi, kwa sababu ulirudi.

Lawama siitaki, irudishe. Ukurasa wako wa kitabu umeshauandika, uko katika barua ya Agosti, unakili tu.

Nafika Alhamisi kwa basi la asubuhi. Mwambie Mkuu asihangaike na kiti cha wageni wala asitafute kibali cha mimi kufundisha, kwa kuwa siji kama mwalimu wake. Ile orodha yenu ya zamu, chini ya majina ishirini na matatu, piga mstari mmoja zaidi uniandike. Sauti ni ndogo, itabidi mkae karibu na mnyamaze, na msumeno wa jirani upumzike saa moja. Uwezekano nitaufundisha mimi. Ijumaa ni zamu yangu.

Mwalimu wenu